Filimbi ya Meneja Mchopa

Jumatatu, 5 Julai 1954. Nachingwea.

Kaptula nne za kaki, kanzu moja ya mzee wa Mtua. Uzi mweupe umekwisha. Mkanda wa cherehani umelegea tena, nimeukaza kwa nta.

Jioni mazoezi. Ovyo. Nilihesabu moja, mbili, tatu kwa mdomo, na kila mtu akaanza kwa wakati wake kama mbuzi wanaotoka zizini. Bakari aliweka tarumbeta chini akasema tusijidanganye. Nikamwambia anyamaze. Akanyamaza, lakini tarumbeta hakuiinua tena.

Siku ya kumi na tatu leo tangu Meneja afariki.

Jumanne, 6 Julai.

Niandike sababu, maana kichwani inanizunguka tu.

Issa Mchopa hakujua kupiga chombo chochote. Hata ngoma kubwa ilimshinda. Alichojua ni mpira. Aliunda bendi kama timu, watu kumi na mmoja, si kumi, si kumi na wawili, na akaiita Kumi na Moja. Mpiga ngoma kubwa alimwita golikipa. Mimi na kodiani yangu beki wa kushoto. Bakari senta fowadi, ndiyo maana kichwa kimemvimba. Aliyekosea noti mara mbili alitolewa wakati wa mapumziko akakaa nje, hata kama ngoma ni ya harusi na wenyeji wanalalamika.

Na alituongoza kwa filimbi ya refa. Mlio mmoja, tunaanza. Miwili mifupi, tunabadili wimbo. Mmoja mrefu, tunamaliza. Miaka sita. Hatukuwahi kuhesabu wala kutazamana, tulisubiri filimbi. Sasa haipo, na watu wazima kumi na mmoja hawajui kuanza wimbo wanaoujua.

Alhamisi, 8 Julai.

Filimbi anayo Gama. Yeye ni golikipa na kapteni wa timu ya Nachingwea, anafanya kazi kwenye reli. Mngoni. Sisi Wamwera na Wangoni ni watani tangu zile vita za babu zetu. Mtani akifiwa, wewe unakuja kumchokoza. Utachukua kitu cha marehemu, utamwiga, utalala mlangoni jeneza lisipite. Na aliyefiwa hakasiriki. Ndiyo sheria. Mtoto mdogo anaijua.

Mimi nilikasirika.

Ilikuwa pale Ruangwa, tunamzika. Mwili umeshateremshwa, udongo wa kwanza umeingia. Gama akatoa filimbi, alikuwa ameichukua kitandani kwa marehemu, akapuliza mlio mrefu. Akasema, "Mpira umekwisha. Ruangwa wamefungwa kama kawaida." Watu wakacheka huku wanalia. Mimi nilimrukia nikamkaba shati mbele ya kaburi. Nikamwita mwizi.

Kucheka kukakatika. Gama hakunisukuma. Alinitoa mikono taratibu, kidole kimoja kimoja, akaondoka na filimbi yake mfukoni. Wazee walinitazama kama nimekojoa msikitini.

Najua nilikosea. Nilijua hata kabla mikono haijatoka shingoni mwake.

Jumapili, 11 Julai.

Mpira uwanja wa hapa. Nimekwenda kwa sababu Meneja asingekosa. Gama golini, mrefu, mikono kama makasia. Baada ya mchezo tulikutana njiani. Miaka yote hajawahi kunisalimia vizuri. Huwa ananiita sindano iliyopinda, ananiuliza kama mke wangu ameshapata mume. Leo amevua kofia. "Habari za jioni, bwana Fundi." Akapita.

Heri angenitukana. Mtani akikusalimia kwa adabu, amekutoa kwenye watu wake.

Jumatano, 14 Julai.

Bakari amenionyesha barua. Bendi moja ya Lindi wanamtaka. Amesema atakwenda, na mpiga gitaa atamfuata. Nimemwambia asubiri arobaini. Akasema, arobaini tutapiga nini, tutapiga miayo?

Nimemweleza tena niliyoahidi. Wiki ya mwisho Meneja alikuwa hawezi kukaa, kifua kinavuma kama injini. Alisema hataki tulie sana. Alitaka siku ya arobaini, dua ikishasomwa, Ruangwa icheze na Nachingwea, na Kumi na Moja wapige. Nikasema sawa. Akasema niape. Nikaapa. Akauliza kama koti lake la kijivu limepigwa pasi.

Mtu wa namna hiyo. Amekaa Nachingwea miaka yote hiyo, ameshangilia Ruangwa miaka yote hiyo, na Ruangwa haijawahi kuifunga Nachingwea hata mara moja. Kila mwaka alikwenda kwa baiskeli kutwa nzima, akarudi amefungwa, anaimba. Akiulizwa anasema mwakani.

Bakari atasubiri mpaka arobaini. Siku moja zaidi hasubiri.

Jumamosi, 17 Julai.

Nimenunua filimbi nyingine. Mpya, inang'aa. Nikapuliza mazoezini na wote wakanitazama tu. Ile ya Meneja ilikuwa imepasuka ubavuni, ilikuwa na mkwaruzo, kama jogoo mwenye mafua. Masikio yetu yamezoea ule mkwaruzo. Hii inalia kama ya askari. Mpiga gitaa alisema inampa hamu ya kukimbia.

Nimeitupa kabatini. Nina hasira na kila mtu, na zaidi nafsi yangu.

Jumapili, 18 Julai. Ruangwa.

Nilianza safari jana baada ya mazoezi, nikalala njiani kwa shemeji, nimefika leo saa nne. Pancha mbili. Mapaja yanawaka.

Kwanza kwa shehe. Nilijiandaa kubishana, nilikuwa na maneno tayari tangu Nachingwea. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema hitima asubuhi nyumbani. Watu wale, watawanyike. Baada ya alasiri uwanja si msikiti, na kaburi liko mbali. Lakini hapatapigwa chombo chochote karibu na nyumba ya mfiwa. Nikamshukuru. Nilivunjika moyo kidogo kwa kukosa ugomvi.

Kisha kwa Bi Somoe, mjane. Yumo ndani ya eda, kwa hiyo nilikaa barazani na kaka yake, mzee Nandonde, na maneno yakawa yanapita mlangoni. Bi Somoe ndiye aliyeuliza kama Nachingwea wamejibu barua yetu ya kuwaomba mchezo. Nikasema bado. Kapteni wao ni Gama.

Sauti ya Bi Somoe ikatoka ndani. "Kaka, mwambie Fundi, mume wangu na Gama walitukanana miaka sita na hawajawahi kukosana siku moja. Yeye amekosana naye kwa siku moja. Aende akamalize."

Mzee Nandonde hakuwa na haja ya kurudia, nilikuwa nimesikia. Alirudia hivyo hivyo, neno kwa neno. Kisha akaongeza lake, kwamba nimewaaibisha. Kwamba mtani aliyekabwa msibani hawezi kurudi mwenyewe, lazima afuatwe. Apelekewe jogoo mweupe wa kuomba radhi.

Nimekula ugali. Kesho alfajiri narudi.

Jumanne, 20 Julai.

Sikwenda.

Jumatano, 21 Julai.

Sikwenda. Nilikuwa na kazi. Uongo, sikuwa na kazi. Tangu ule mradi wa karanga ufungwe, wanaoshona kaptula wanahesabika. Nilikaa nikafungua mashine nikaipaka mafuta, nikaifunga.

Ijumaa, 23 Julai.

Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Baada ya sala nimekwenda kambi ya reli na jogoo mweupe kwapani. Njia nzima ananinyea.

Gama alikuwa anafua. Alikausha mikono akampokea jogoo kwa mikono miwili. Nikasema nilikosea. Nilisema waziwazi, na wenzake wanasikia. Nilisema sikuwa nimekasirikia yeye, nilikasirikia udongo ule. Akaitikia kwa kichwa.

Akasema timu itakuja Ruangwa. Nikapumua. Nikaomba filimbi.

"Bwana Fundi, jogoo nimempokea, makosa yamekwisha. Ila filimbi ni kitu cha utani. Siwezi kumpa mtu wa kuombana radhi. Nitampa mtani wangu, siku akirudi."

Nikasimama pale. Nilijua anataka nini. Anataka nimtukane. Anataka nifanye kama Wamwera wote wanavyofanya, neno moja la kuchekesha, tena hapo hapo. Wenzake walikuwa wanasubiri, wengine wameshaanza kutabasamu kunisaidia. Nikatafuta. Hapakuwa na kitu. Mimi ni mtu wa kupima na kukata, kuchekesha watu sikujaliwa. Meneja ndiye aliyekuwa akinitania na kunijibia yeye mwenyewe.

Nikasema, "Haya, kwaheri."

"Kwaheri, bwana Fundi." Kwa adabu.

Jumapili, 25 Julai.

Nimejaribu kutunga utani. Nimeandika mitatu kwenye karatasi ya kukatia vipimo. Nimemsomea mke wangu. Hakucheka hata kidogo. Kisha akaangalia uso wangu akacheka mpaka akakaa chini. Akasema karatasi niichome.

Nimeichoma.

Jumatano, 28 Julai.

Bakari amefunga sanduku. Nimeliona kwa macho yangu, liko mlangoni, kamba juu. Lori la Lindi linaondoka Jumatatu. Mazoezi ya leo tumeanza nyimbo tano, tumemaliza mbili. Mpiga ngoma kubwa, yule golikipa, aliniuliza pembeni kama kweli tutapanda mbele ya watu wa Ruangwa hivi. Nikasema tutapanda. Akauliza nani ataanzisha. Nikasema tutapanda.

Niliapa. Tutapanda hata kama tutaanza kama mbuzi.

Jumamosi, 31 Julai. Ruangwa.

Tumekuja kwa lori, sisi na vyombo na timu ya Nachingwea pamoja, magunia ya ufuta chini yetu. Gama alikaa mbele kabisa, mimi nyuma kabisa. Katikati wachezaji na wanamuziki walitaniana njia nzima, Wamwera na Wangoni, Wayao na Wamakonde, matusi yasiyoandikika. Nilikuwa nasikiliza kama mgeni nyumbani kwangu.

Vumbi mpaka ndani ya kodiani. Nimeipangusa mkunjo kwa mkunjo. Kesho.

Jumapili, 1 Agosti. Ruangwa.

Niandike yote kwa utaratibu.

Hitima imesomwa vizuri. Watu wengi, wa Malolo, wa Mbekenyera kwa ndugu zake marehemu, hata wazee waliokuja kwa miguu. Wali ulitosha. Nilikuwa nimeshika kisomo vizuri mpaka mtu akaingia uani na koti la kijivu.

Koti la Meneja. Nililishona mimi. Bega la kushoto nililishusha kidogo kwa sababu bega lake la kushoto lilikuwa chini. Gama alipewa siku ya matanga, haki yake ya utani. Leo amelivaa, mikono imeishia karibu na kiwiko, na bega lake ameliteremsha lifuate koti. Akatembea kama Meneja, ule mguu wa kuvuta. Akakohoa kama Meneja. Akamwambia mzee Nandonde wali ni mbichi na kwamba huko alikozikwa hakuna hata gazeti la mpira. Wanawake ndani wakapiga kelele ya kucheka. Nikasikia na sauti ya Bi Somoe humo, inacheka na kukatika, inacheka tena.

Mimi sikucheka. Lakini sikukasirika. Nilimtazama tu lile bega.

Alasiri tukaenda uwanjani. Umati. Tukapanga viti, tukakaa kumi na mmoja. Bakari kidevu juu. Nikafungua mvukuto, nikafunga. Watu wanasubiri. Golikipa wetu ananiangalia. Nikafungua mdomo nihesabu moja.

Gama alikuja akivuta mguu kutoka kwenye timu yake, koti mwilini, akasimama mbele yetu pale pale Meneja aliposimama siku zote, hatua tatu, mgongo kwa watu. Akatutazama mmoja mmoja. Akamnyooshea kidole Bakari, akakitikisa, kama alivyokuwa akitikisiwa kila mchezo kwa kiburi chake. Akaweka filimbi mdomoni.

Ule mkwaruzo. Mlio mmoja.

Tulianza. Sote kumi na mmoja, kwa pamoja, kama mtu mmoja aliyeamshwa. Vidole vyangu viliondoka kabla sijaviambia. Nilipiga huku machozi yanaingia mdomoni. Bakari naye, nilimwona, alikuwa anapuliza na mashavu yamelowa. Mzee Nandonde amesema baadaye Bi Somoe aliomba dirisha la upande wa uwanja lifunguliwe.

Miwili mifupi, tukabadili. Mmoja mrefu, tukamaliza. Gama akaweka filimbi mfukoni akaenda golini, na koti lake. Refa alitaka alivue. Uwanja mzima ukamzomea refa.

Mchezo. Nachingwea wakafunga kipindi cha kwanza. Ruangwa wakarudisha. Nachingwea wakafunga tena. Zimebaki dakika chache, Ruangwa wakapewa penati. Nilisimama juu ya kiti. Meneja alingoja hata sare na hawa watu maisha yake yote, na mimi kwa mara ya kwanza nilielewa kwa nini mtu anaweza kuendesha baiskeli kutwa nzima. Mpigaji akapiga vizuri, chini, kushoto. Gama akaruka kulia. Alikosea kabisa. Lakini koti lilikuwa wazi, pindo likapepea nyuma yake, mpira ukajizonga kwenye pindo ukaanguka mstarini, akaulalia. Nilisikia mshono wa kwapa ukipasuka, au nilidhani nimesikia.

Mbili kwa moja. Kama kawaida.

Kanuni ya Meneja ilikuwa moja: tukifungwa, tunapiga kwa nguvu kuliko tukishinda. Lakini tulikaa tu. Hakuna filimbi. Watu wameanza kuondoka. Gama akaja kwetu, amelowa jasho, koti limechanika, akasimama mbele yangu kabisa. Akasema kwa sauti, watu wote wasikie, "Bwana Fundi, mwambieni marehemu alale. Hata akija mwenyewe na jini lake, Ruangwa hawanifungi. Nimedaka."

Nikasema, "Umedaka wewe? Wewe uliruka kwa shangazi yako. Aliyedaka ni koti la Mmwera."

Sikupanga. Lilitoka. Nikaongeza, kwa sababu mdomo ulikuwa umeshafunguka, kwamba kwa kuwa nimelishona mimi, basi nimedaka mimi, na Nachingwea waniandike golikipa.

Kisha Gama akainama, akashika magoti. Nilidhani ameumia. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akakaa kwenye vumbi, na timu yake ikacheka, na Ruangwa walioanza kuondoka wakarudi kuuliza amesema nini, wakaambiwa, nao wakacheka. Mzee Nandonde alilia kwa kucheka.

Gama akatoa filimbi mfukoni, na kamba yake. Akanivika mimi. "Sindano iliyopinda," akasema. "Ulikuwa wapi siku zote hizi?"

Nikapuliza. Mkwaruzo ule ule. Wakaanza.

Tulipiga mpaka magharibi.

Jumatatu, 2 Agosti.

Lori la Lindi limeondoka. Bakari hakupanda.

Jumamosi, 7 Agosti. Nachingwea.

Uzi mweupe umefika. Nimemaliza kanzu ya mzee wa Mtua, ameipima, ameipenda.

Mchana Gama amekuja na koti. Amenitupia mezani. Akasema fundi gani anashona koti linalochanika likidaka mpira mmoja tu, tena akasema mke wangu ameniacha, nami kwa kufunikwa na nguo zote hizi sijagundua. Nikamwambia akae chini kabla kiti hakijakimbia. Alikaa, akanywa chai, akaenda zake. Atalifuata Jumatatu.

Nimelifumua kwapa nikalishona upya, mshono mara mbili. Bega la kushoto nilitaka kulipandisha, maana Gama bega lake ni sawa. Nimeliacha lilivyo.

Mfuko wa ndani, ule niliomshonea Meneja wa kuwekea filimbi, nimeingiza mkono kuangalia kama umetoboka. Haujatoboka. Chini kabisa kulikuwa na maganda ya karanga. Alikuwa anatafuna mchezo mzima, na hakupenda kutupa uwanjani.

Nimeyarudisha. Nimelipiga koti pasi nikalitundika.

Mazoezi saa kumi.